Bei Ikipanda Katikati ya Ujenzi, Nani Alipe?

Mkoa wa Singida hauna kiwanda kikubwa cha saruji. Mfuko unaouzwa dukani Manyoni mjini kwa kawaida umetoka Wazo jijini Dar es Salaam, au Tanga, au Mtwara. Umepita Morogoro na Dodoma, ukavuka Bahi na Kintinku, ukapanda mlima wa Saranda. Kama unakwenda kujenga darasa Heka au Sanza, bado una safari ya barabara ya vumbi mbele yake. Nondo imetoka mbali zaidi, kwa kuwa hata ile inayotengenezwa nchini hutegemea kwa sehemu kubwa chuma kinacholipiwa kwa dola.

Kwa hiyo gharama ya kujenga Manyoni hutegemea mambo matatu ambayo hakuna mtu wa Manyoni anayeyatawala: bei ya dizeli, thamani ya dola na bei ya kiwandani. Mkandarasi hayatawali, wala mkurugenzi wa halmashauri, wala mkuu wa shule. Hata hivyo mmoja wao huweka saini leo kwenye karatasi inayosema jengo litakalokamilika baada ya mwaka litagharimu kiasi fulani cha fedha. Bei ikipanda kabla ya paa kuezekwa, lazima mtu alipe tofauti. Ni nani huyo, na ni nani anayestahili kuwa?

Jibu ninalolitetea hapa ni hili: hatari ya mfumuko wa bei haifutiki kwa kuandika kwenye mkataba kwamba bei haitabadilika. Maandishi hayo huihamisha tu, na kwa utaratibu tulionao hutua kwa aliye dhaifu kuliko wote, yaani mkandarasi mdogo, fundi wa kijijini na mwananchi aliyechanga. Ipo njia ya haki zaidi ya kuigawa. Haihitaji maarifa mapya wala taasisi mpya.

Wilaya moja, miradi miwili

Manyoni ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa sababu mradi mkubwa kuliko yote nchini na mradi mdogo kuliko yote inakutana ndani ya wilaya hiyohiyo.

Mkubwa ni reli ya kisasa. Kipande cha pili cha SGR, kilichoanzia Morogoro, kinaishia Makutupora, na Makutupora ni kata ya Wilaya ya Manyoni. Kipande cha tatu kinaanzia hapo, kinapita Manyoni na Itigi hadi Tabora, kilomita 368 ukijumlisha njia kuu na za kupishania. Mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021 kati ya Shirika la Reli Tanzania na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, kwa takriban dola bilioni 1.9.

Hiyo sarafu inastahili kutazamwa. Bei inapoandikwa kwa dola, hatari ya shilingi kushuka inabaki kwa Serikali yote. Kila dola inapopanda kwa shilingi 100, mkataba wa dola bilioni 1.9 unaongezeka kwa shilingi bilioni 190 kama fedha zote zingelipwa kwa kiwango hicho. Mkataba uliposainiwa, dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600, kisha ikashuka tena kuelekea mwisho wa mwaka huo. Mkandarasi wa kigeni mwenye mkataba wa dola amekingwa na mtikisiko huo.

Mdogo ni darasa. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Halmashauri za Manyoni na Itigi zilipokea kiwango hichohicho kilichopelekwa kule saruji inakotengenezwa. Hapakuwa na dola kwenye makubaliano hayo, wala kipengele cha marekebisho ya bei. Bei ikipanda, kamati ya shule ilikuwa ijue yenyewe la kufanya.

Ukiziweka karatasi hizo mbili mezani pamoja, unaona kwamba mwenye nguvu ya kujadiliana amepata kinga, na asiye na nguvu hakupewa hata nafasi ya kuuliza.

Mfumuko wa bei upi?

Mjadala huu huharibika mapema kwa sababu watu hutumia neno mfumuko wa bei kwa maana ya ule unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kila mwezi. Kwa kipimo hicho Tanzania imekuwa na utulivu wa kusifika. Wastani wa mwaka ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Ni mbali sana na Desemba 2011, mfumuko ulipokaribia asilimia 20. Afisa wa hazina anayetazama takwimu hizo ana sababu ya kuuliza mkandarasi analalamikia nini.

Ila kipimo hicho hupima kapu la matumizi ya kaya: unga, mchele, nauli, kodi ya nyumba, mavazi. Hakipimi nondo, lami wala saa za kukodi greda. Mwaka 2022, kapu la kaya lilipoongezeka kwa asilimia 4.3 tu, vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha mafuta duniani hadi Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili petroli na dizeli zisipande zaidi. Lami hutokana na mafuta ghafi. Dizeli ndiyo inayozungusha mtambo wa kusaga kokoto, lori la mchanga na greda. Kwa mjenzi wa barabara, mwaka ule haukuwa wa asilimia nne.

Zaidi ya hayo, bei za ujenzi hazipandi taratibu. Novemba 2020 saruji ilipanda ghafla, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza wizara husika na wakuu wa mikoa watafute sababu. Aliyekuwa ameshinda zabuni Septemba kwa bei ya zamani hakuwa na namna ya kuuona mruko huo ukija.

Na mara nyingine Serikali yenyewe ndiyo inayousababisha. Madarasa 15,000 yakijengwa nchi nzima ndani ya miezi michache ileile, halmashauri zote zinagombania saruji, nondo, bati na mafundi walewale. Soko linajibu kwa kupandisha bei. Ni vigumu kumwambia mzabuni kwamba alipaswa kutabiri hatari iliyotengenezwa na mteja wake.

Sheria inavyolitazama jambo hili

Mtu asiye na kipengele cha marekebisho ya bei kwenye mkataba wake asitegemee sana mahakama. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina asili yake katika sheria ya India ya 1872, na kifungu chake cha 56 kinafuta makubaliano ambayo utekelezaji wake umekuwa hauwezekani. Kupanda kwa bei hakuifanyi kazi isiwezekane. Kunaifanya iwe ya hasara.

Kesi inayotajwa zaidi kuhusu hilo inahusu mjenzi na halmashauri. Kampuni ya Davis Contractors iliingia mkataba na halmashauri ya Fareham, Uingereza, kujenga nyumba 78 kwa miezi minane. Mafundi wakaadimika baada ya vita, kazi ikachukua miezi 22 na gharama zikapanda. Mwaka 1956 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema ugumu na hasara peke yake havimtoi mtu kwenye mkataba. Mahakama ya Juu ya India ilifuata njia hiyo mwaka 1960 katika kesi ya Alopi Parshad, mawakala waliokuwa wakilipatia jeshi samli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kudai malipo zaidi kwa kuwa hali ilikuwa imebadilika kabisa.

Ufaransa ilishika njia nyingine. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza, kampuni iliyokuwa ikisambaza gesi ya taa katika jiji la Bordeaux ilielemewa baada ya makaa ya mawe kupanda zaidi ya mara tatu. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya utawala nchini humo, liliamua kwamba kampuni iendelee kutoa huduma, lakini jiji libebe sehemu ya hasara iliyozidi kila tarajio la pande mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba huduma ya umma isisimame, na anayenufaika nayo ni umma.

Kwa kuwa Tanzania imerithi njia ya Kiingereza, kinga ya mkandarasi wetu imo ndani ya mkataba au haipo kabisa. Ndiyo maana maneno ya nyaraka za zabuni yana uzito kuliko huruma ya mtu yeyote ofisini.

Hoja ya bei isiyobadilika, na gharama yake iliyofichika

Bei isiyobadilika ina watetezi wenye hoja nzito. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani mara moja kwa mwaka, na mkurugenzi hawezi kuahidi fedha ambazo hazimo. Mkandarasi aliyefungwa na bei ana sababu ya kununua vifaa mapema, kutunza mifuko isiharibike na kumaliza kazi haraka. Na kila mlango wa kuongeza bei ukifunguliwa, wapo watakaopita kwa hila. Watazabuni chini kupindukia ili washinde, kisha wadai nyongeza.

Kwa sababu hizo kanuni za ununuzi katika nchi nyingi huweka kizingiti cha muda. Benki ya Dunia hutaka kipengele cha marekebisho ya bei kwa mikataba inayozidi miezi 18. Chini ya hapo bei inaweza kufungwa. Utaratibu wa Tanzania umekuwa wa mwelekeo huohuo: mikataba mifupi bei imefungwa, mirefu inarekebishwa. Matokeo yake ni kwamba karibu kazi zote za halmashauri, yaani zahanati, madarasa, makalvati, matengenezo ya barabara za TARURA, huangukia upande wa bei iliyofungwa, kwa kuwa ni za miezi michache.

Waliobuni kizingiti hicho walidhani kwamba hatari hukua taratibu kadiri muda unavyopita. Tulichokiona Novemba 2020 na mwaka 2022 kinaonyesha kwamba bei inaweza kuruka ndani ya miezi miwili. Mkataba wa miezi minane haumkingi mtu na mruko huo.

Sasa mzabuni mwenye akili hufanya nini? Huongeza fungu la woga ndani ya bei yake. Kama anahofia nondo itapanda kwa asilimia 20, anaipandisha bei yake kabla, na Serikali inalipa nyongeza hiyo hata nondo isipopanda kabisa. Hapo umma umenunua bima ghali bila kujua. Mzabuni asiye na uzoefu, au mwenye njaa ya kazi, haongezi kitu. Huyo ndiye anayeshinda, kwa kuwa zabuni hutazama bei ya chini. Bei inapopanda, anapunguza nondo kwenye nguzo, anazidisha mchanga kwenye zege, anachelewesha mishahara ya vibarua, au anaiacha kazi. Bei kwenye karatasi haikubadilika hata shilingi moja, lakini jengo lililopatikana silo lililolipiwa.

Hali hii inazidi kuwa na uzito kwa sababu ya jambo jema. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024 zimetenga kwa kampuni za wazawa zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Ni hatua ya kuwajenga makandarasi wetu. Lakini mkandarasi wa daraja la chini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi hana akiba ya dola wala ghala la nondo, na mkopo wake wa benki una riba kubwa. Ukimpa kazi kubwa zaidi pamoja na hatari yote ya bei, unaweza kumuua kwa zawadi uliyompa.

Kanuni ya marekebisho inavyofanya kazi

Njia ya kurekebisha bei ipo, na wahandisi wa TANROADS wanaijua kwa moyo. Mikataba ya FIDIC, inayotumika kwenye barabara kubwa, hugawa bei ya kazi katika mafungu: sehemu isiyobadilika, nguvu kazi, mafuta, saruji, chuma, lami na kadhalika. Kila fungu lina uzito wake, na jumla ya uzito ni moja. Kila mwezi, fahirisi ya sasa ya kila fungu hugawanywa kwa fahirisi ya mwanzo, yaani ya siku 28 kabla ya tarehe ya mwisho ya kupokea zabuni. Hapo hupatikana namba inayozidishwa kwa thamani ya cheti cha malipo. Risiti hazihusiki, na hilo ni muhimu sana, kwa sababu risiti hughushiwa. Nchini, Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, ndilo linalotayarisha kanuni na fahirisi za mabadiliko ya bei za ujenzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkandarasi amewasilisha cheti cha shilingi milioni 200. Mkataba unasema sehemu isiyobadilika ni 0.20, nguvu kazi 0.15, dizeli 0.20, saruji 0.20 na chuma 0.25. Tangu zabuni, nguvu kazi imepanda kwa asilimia 4, dizeli 30, saruji 15 na chuma 40. Ukizidisha na kujumlisha unapata 1.196. Cheti kinakuwa milioni 239.2, nyongeza ya milioni 39.2.

Kwenye mfano huo tayari kuna mgawanyo wa hatari. Ile 0.20 isiyobadilika ni sehemu ambayo mkandarasi anajibebea mwenyewe hata ingepanda namna gani. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo mzigo wake unavyozidi. Ni tarakimu moja ndani ya nyaraka za zabuni, mara nyingi hakuna anayeijadili, na thamani yake ni mamilioni.

Badilisha sasa kipimo. Badala ya fahirisi za vifaa, tumia mfumuko wa jumla wa asilimia 4.3. Cheti kilekile kinakuwa milioni 208.6. Tofauti ya milioni 30.6 inatoka mfukoni mwa mkandarasi kama hasara, ingawa mkataba unajivunia kuwa na kipengele cha marekebisho. Kuchagua fahirisi isiyofaa ni sawa na kutoa kinga kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mwingine.

Majirani na walio mbali

Kenya inatoa funzo hapa. Kifungu cha 139 cha sheria yake ya ununuzi wa umma ya 2015 kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 ya mwanzo tangu kusainiwa. Baada ya hapo, marekebisho ya bei hufuata fahirisi ya bei za walaji ya Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo au mfumuko unaotangazwa na Benki Kuu, na mabadiliko yote kwa pamoja yasizidi robo ya bei ya awali. Ni kanuni nyepesi kukagua, na inafunga mianya. Lakini inaangukia kosa tulilolihesabu hapo juu, la kumlipa mjenzi wa barabara kwa bei ya unga. Jambo la kushangaza ni kwamba Ofisi hiyohiyo ya Takwimu ya Kenya hutoa pia fahirisi za bei za vifaa vya ujenzi. Kipimo kinachofaa kipo, sheria haikukitaja.

Italia ilikwenda hatua mbele zaidi. Baada ya bei kuruka mwaka 2021 na 2022, sheria yake mpya ya mikataba ya umma ya 2023 ililazimisha kila mkataba uwe na kipengele cha marekebisho. Kwa jinsi ilivyoandikwa mwaka huo, gharama zikipanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, mamlaka ya umma ilitakiwa kulipa au kupunguziwa kwa kiwango cha asilimia 80. Ujerumani nayo Machi 2022 iliagiza vipengele vya bei ya vifaa viingizwe kwenye kazi za serikali kuu, kwa vifaa vilivyokuwa vikipanda kwa kasi.

Kinachovutia katika njia ya Italia ni kwamba inagawa kwa uwazi. Tumia wazo hilo kwenye mfano wetu kwa namna hii: mkandarasi abebe asilimia 5 ya kwanza yote, na kinachozidi hapo Serikali ibebe asilimia 80. Nyongeza ilikuwa asilimia 19.6. Ukitoa 5 inabaki 14.6, na asilimia 80 yake ni 11.68. Serikali inalipa milioni 23.36, mkandarasi anabeba milioni 15.84. Ameumia, kwa hiyo bado ana sababu ya kununua mapema na kubana matumizi. Lakini hakufilisika, na jengo limesimama.

Fosi akaunti: hatari iliyosahaulika

Mjadala wa mikataba hata hivyo hauwagusi wajenzi wengi wa Manyoni, kwa sababu hawana mkataba wa kandarasi. Tangu mwaka 2017 hivi, madarasa, nyumba za walimu na vituo vya afya vingi nchini vimejengwa kwa fosi akaunti: fedha inaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa, vifaa vinanunuliwa na fundi wa mtaani analipwa kwa ufundi tu. Njia hii imeokoa fedha nyingi, na imewapa wananchi macho ya kuona kila mfuko unavyotumika.

Imebadilisha pia mbebaji wa hatari. Pasipo mkandarasi, bei ikipanda inambana mwenye akaunti. Hebu tugawe milioni 20 za darasa kwa kukadiria: bidhaa za viwandani milioni 11, mchanga, kokoto na tofali milioni 3, ufundi milioni 5, usafiri milioni 1. Bidhaa za viwandani zikipanda kwa asilimia 15 tu, pengo ni shilingi 1,650,000, sawa na theluthi ya malipo ya fundi. Kamati haina fungu la dharura. Inabaki na njia tatu: kumkata fundi, kupunguza ubora, au kuwarudia wananchi wachange. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeandika milioni 20 akiwa Dodoma hausikii uzito unaosikika Nkonko au Heka.

Matokeo ya muda mrefu tunayaita maboma: kuta zilizosimama miaka na miaka zikisubiri bati. Wananchi walianza kwa nguvu zao, bei ikawashinda, Serikali ikaja kumalizia kwa viwango vya nchi nzima, kama vile shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa na milioni 50 kwa boma la zahanati. Kiwango kimoja kwa nchi nzima kinaonekana kuwa cha usawa. Kwa hali halisi kinamlipa kidogo zaidi aliye mbali na kiwanda.

Malipo yanayochelewa

Kabla ya kwenda kwenye mapendekezo, lazima nitaje mfumuko ambao hakuna kanuni inayoweza kuuponya. Mkandarasi aliyemaliza kazi Machi na kulipwa mwaka unaofuata amepoteza thamani ya fedha yake, na huku riba ya benki inamla. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara kwa mara riba zinazodaiwa kwa sababu makandarasi wa barabara wamecheleweshewa malipo. Fedha hiyo haijengi hata mita moja ya barabara. Kenya ilifikia mahali pa kuweka rehani shilingi 7 za tozo ya matengenezo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, mwaka 2025, ili ipate shilingi bilioni 175 za kulipa madeni ya wajenzi.

Mzabuni aliyezoea kucheleweshewa naye huongeza fungu la woga. Hata tukiandika kipengele bora cha marekebisho ya bei duniani, kama cheti hakilipwi kwa wakati, zabuni zitaendelea kuwa ghali.

Mgawanyo wa haki

Kanuni ya msingi iwe hii: kila upande ubebe hatari ambayo una uwezo wa kuipunguza, na ile isiyo mikononi mwa yeyote ibebwe zaidi na mwenye mabega mapana. Mkandarasi anaweza kuzuia uharibifu wa vifaa, uvivu na ununuzi wa kuchelewa. Hawezi kuzuia vita vya Ukraine. Serikali nayo haiwezi, lakini ina miradi maelfu na miaka mingi, kwa hiyo hasara ya mmoja hufidiwa na nafuu ya mwingine.

Kutokana na hapo, kizingiti cha muda kiongezewe kizingiti cha bei: mkataba wowote wa ujenzi, hata wa miezi sita, urekebishwe iwapo vifaa vyake vikuu vimepanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, na kinachozidi kigawanywe kwa uwiano ulioandikwa. Bei ikishuka, umma nao urudishiwe chake. Ucheleweshaji uliosababishwa na mkandarasi usimpe nyongeza: tarehe ya mkataba ikipita kwa kosa lake, fahirisi yake isimame pale.

Fahirisi ziwe za vifaa na ziwe za mahali. Hili si gumu kama linavyodhaniwa. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo ya dizeli kwa kila mji, na Manyoni imo kwenye orodha. Baraza la Taifa la Ujenzi linaweza kufanya hivyohivyo kwa saruji, nondo na bati, likazichapisha mahali ambapo kila mzabuni na kila diwani anaziona. Hofu ya rushwa inajibiwa na uwazi huo, kwa maana hakuna afisa anayeweza kumpandishia rafiki yake fahirisi ambayo nchi nzima inaisoma.

Kwa mkandarasi mdogo, malipo ya awali na malipo ya vifaa vilivyokwisha kufika kwenye eneo la ujenzi yana faida kuliko nyongeza ya baadaye, kwa sababu humwezesha kununua nondo kabla haijapanda. Na kwa fosi akaunti, viwango vipangwe kwa kanda kulingana na umbali na bei za hapo, kila mradi uwe na fungu la dharura lisiloguswa bila idhini, na halmashauri inunue saruji na bati kwa pamoja kwa shule zake zote badala ya kuiacha kila kamati ikapambane na bei dukani peke yake.

Wapo watakaosema Serikali haina fedha za kubeba hayo. Jibu langu ni kwamba tayari inayabeba. Inayalipa kwenye fungu la woga lililofichwa ndani ya zabuni, kwenye riba za madeni, kwenye kuta zinazopasuka kabla ya wakati na kwenye maboma yanayomaliziwa kwa bei mpya. Tofauti ni kwamba leo inalipa bila kuhesabu.

Nyaraka za zabuni huandikwa na watu, na watu wanaweza kuziandika upya. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na Baraza la Taifa la Ujenzi zikae pamoja na makandarasi wa madaraja ya chini na wakurugenzi wa halmashauri kama Manyoni na Itigi, na kipengele cha mgawanyo wa bei kiingizwe kwenye mikataba midogo kabla ya mruko mwingine. Nawe diwani unayesoma haya, bajeti ijayo ya ujenzi ikiletwa mbele yako, uliza swali moja kabla hujanyoosha mkono: bei ikipanda katikati ya kazi, imeandikwa wapi kwamba nani atalipa?